Shimesikio si miwani

Mwaka juzi, siku ya Alhamisi, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Muheza. Mama yetu alikuwa amelazwa siku ya tano, na tulikuwa tumepanga aje Dar es Salaam akae kwangu mpaka apate nguvu. Simu ilikuwa ya haraka na nyuma yake kulikuwa na pikipiki inanguruma. Nilichokisikia ni hiki: "Kaka, daktari kasema Mama atasafiri kesho." Nikamwambia mke wangu atandike kitanda cha chumba cha uani. Ijumaa saa kumi na moja jioni nilikuwa kituo cha mabasi cha Magufuli, pale Mbezi Luis, nimesimama wanaposhukia abiria. Mabasi ya Tanga yakaingia moja baada ya jingine. Saa tatu usiku nilikuwa bado nimesimama. Nilipiga simu mara nne, na kwa kelele za wapiga debe sikuambulia neno. Mwisho ukaingia ujumbe wa maandishi: "Kaka, nilisema HATASAFIRI."

Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 31. Usiku ule, ndani ya daladala ya kurudi Temeke, niliipanga sentensi ile kichwani kama ambavyo ningeipanga ubaoni. Kiswahili hukanusha kwa njia nyingi. Anakuja, haji: hapo maneno yameachana mbali, hata mtu wa masikio mazito hayachanganyi. Alikuja, hakuja: kiungo cha wakati kimebadilika. Watakuja, hawatakuja: imeongezeka silabi nzima. Lakini kwa wewe na yeye, katika wakati ujao, mzigo wote wa kukanusha umebebwa na h peke yake. Utapona, hutapona. Atasafiri, hatasafiri. Na h ni pumzi tu, miongoni mwa sauti dhaifu kabisa tulizo nazo. Mimi nilikuwa nimeipoteza bila kujua, pamoja na s, f, th na sh.

Mke wangu alikuwa ameniambia kwa miaka sita kwamba sisikii. Nilimjibu kwamba yeye hasemi vizuri.

Nilikwenda kupimwa. Unafungiwa ndani ya chumba kidogo kisichopitisha sauti, unavishwa vipokea sauti, unabonyeza kitufe kila usikiapo mlio. Majibu huchorwa kwenye karatasi: miduara myekundu ni sikio la kulia, alama za X za bluu ni la kushoto. Mistari yangu ilianza juu, kwenye sauti nzito, kisha ikaporomoka kuelekea sauti nyembamba kama paa la banda. Ndiyo maana nilikuwa nasikia ngoma, malori na irabu zote, nisisikie konsonanti. Kila sikio huzaliwa na seli za vinyweleo zipatazo 15,000 ndani ya ule mrija uliojiviringisha kama konokono. Zilizo mlangoni hushughulikia sauti nyembamba, na ndizo hufa kwanza. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena.

Mpimaji aliniuliza kama niliwahi kuchomwa sindano kwa muda mrefu. Niliwahi. Mwaka 1989 niliugua kifua kikuu, nikachomwa streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. Dawa za jamii hiyo zinajulikana kudhuru sikio la ndani. Umri nao umo, alisema, na hakuna awezaye kugawa lawama kwa mizani. Sindano zile ziliniponya, na sina kinyongo nazo. Nitazirudia baadaye kwa sababu nyingine.

Hospitali niliyonunua vifaa sitaitaja. Vitabu vya elimu maalumu huviita shimesikio, hospitalini husema vifaa vya usikivu, na mtaani kwetu ni mashine ya masikio. Jozi yangu iligharimu fedha ambazo zingeninunulia pikipiki. Nilikaa kwenye kiti dakika kama 20. Nikavalishwa, nikaulizwa "unasikia?", nikasema ndiyo, nikapewa kijitabu cha Kiingereza na pakiti ya betri, nikaagwa.

Nje ya mlango nilisimama. Kandambili za mama aliyenitangulia zilikuwa zinapiga vigae kama makofi. Risiti mkononi mwangu ilikuwa inalia kama kuni mbichi motoni. Nilipokohoa, kikohozi changu kilitokea ndani ya pipa. Kwenye daladala, sarafu ambazo konda huzichezesha kiganjani zilinichoma masikioni kama sindano, na sikuweza kuona jinsi abiria wengine walivyovumilia. Nyumbani, mwiko kwenye sufuria, friji, kiti kikiburutwa, maji ya kuoshea vyombo, kila kimoja kilikuja mbele na kudai kusikilizwa, na sauti ya mke wangu ikawa imezikwa katikati yao. Usiku nikamuuliza nani kaacha bomba wazi. Akasikiliza, akasema, "Bomba lipi? Hao nyenje."

Nimeishi katika nyumba ile miaka 11. Nilidhani Temeke haina nyenje.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilichoka. Siku ya pili kichwa kiliniuma mpaka jioni. Siku ya tatu mjukuu alinikumbatia, kifaa kikapiga mluzi, akaruka kwa hofu. Siku ya nne mvua ilinyesha juu ya bati na nikavivua vyote viwili. Haukupita muda mrefu betri zikafa zote. Zile ni betri za zinki zinazovuta hewa, ndogo kama punje ya mahindi, na kila moja ina kibandiko cha rangi mgongoni. Ukikibandua, hewa inaingia na betri inaanza kazi, na kukirudisha hakuizimi. Mimi niliwahi kubandua zote sita kwa pamoja ili ziwe tayari. Hakuna aliyeniambia. Wala hakuna aliyeniambia kwamba kwa joto letu la Februari jasho hushuka nyuma ya sikio likaingia kwenye mrija, na tone moja linatosha kuzima sauti. Niliamini kifaa kimekufa, kumbe ni tone la maji. Nikaviweka kabatini, ndani ya kopo la biskuti, pamoja na vifungo na funguo kuukuu. Vilikaa humo wiki saba.

Katika wiki hizo saba nilikuwa naamini jambo moja ambalo nadhani wengi wetu tunaliamini, hata baadhi ya wanaoviuza: kwamba shimesikio ni miwani ya masikio. Miwani unaivaa, herufi zinanyooka, unatoka nayo dukani ukisoma mabango. Macho hayahitaji kufundishwa upya. Sikio haliko hivyo. Kazi kubwa ya kusikia inafanyika kwenye ubongo, na ubongo uliokaa miaka bila sauti nyembamba umejipanga kuishi bila hizo. Umesahau kwamba friji hupuuzwa. Mtu mwenye masikio mazima anasikia friji, feni, kandambili na nyenje muda wote, ila ubongo wake umeshajifunza tangu utotoni kuvisukuma pembeni. Mimi ilinibidi nijifunze kupuuza upya, kitu kimoja kimoja, nikiwa na zaidi ya miaka 60. Hilo huchukua wiki nyingi, kwa wengine miezi, na anayeambiwa mapema huvumilia. Asiyeambiwa huona kifaa ni kibovu au yeye mwenyewe ndiye mbovu.

Aliyevitoa kabatini ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa muuguzi. Tulikutana msibani, mimi nimekaa pembeni kabisa mwa turubai ili nisisemeshwe. Akaniuliza, "Mwalimu, si nilisikia umepata mashine? Ziko wapi?" Nikamweleza. Yeye ndiye aliyenielekeza kwa mtaalamu mmoja wa usikivu, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, ambaye alichomeka vifaa vyangu kwenye kompyuta, akatazama, akasema kwa upole: "Mwalimu, walikuwekea sauti yote siku ya kwanza. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi humwanzishi na pilau, unaanza na uji." Akapunguza. Akachukua kipimo kipya cha tundu la sikio, kwa sababu mluzi ule ulitokana na kipande kisichokaa sawasawa. Akanipa chupa yenye vidonge vya kunyonya unyevu, vifaa vilale humo kila usiku. Halafu akanipa kazi, kama nilivyokuwa nikiwapa wanafunzi wangu.

Wiki ya kwanza nivae nyumbani tu, saa chache, na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Kisha watu wawili. Kisha jikoni wakati wa kupika. Msikitini, msibani na soko la Tandika baadaye kabisa. Kila siku nisome gazeti kwa sauti nusu saa mpaka sauti yangu iache kutoka kwenye pipa. Na kila jioni mjukuu wangu akae mbele yangu, azibe mdomo kwa daftari, aniambie neno nami nilirudie: samani au thamani, fika au shika, saa au faa, paka, taka au kaka. Wiki ya kwanza nilipata nusu, yaani nilikuwa nabahatisha. Binti yule akanirudisha kwake mara nne katika miezi mitano, kila mara akipandisha sauti kidogo. Mwezi wa tatu nilikuwa nakosa neno moja kati ya kumi. Samani na thamani bado hunipiga chenga kwenye simu, na harusini penye spika kubwa sisikii vizuri zaidi ya zamani. Shimesikio halirudishi sikio la ujana. Lakini h imerudi.

Zipo kazi ambazo binti yule hakunipa mimi, aliwapa wa nyumbani. Aliomba mke wangu naye aje, akamwambia mambo manne ambayo angeweza kuyajua mtu yeyote, na sisi hatukuyajua. Uniite jina kwanza, ungoje nigeuke, ndipo useme. Uwe mahali penye mwanga nikuone mdomo. Usipige kelele, kwa sababu kelele hukuza irabu tu na kuzizika konsonanti. Na nisiposikia, ubadilishe maneno badala ya kurudia yale yale kwa hasira.

La tano aliliongeza mke wangu mwenyewe, tukiwa njiani kurudi, na machozi yalimlengalenga. Alisema hataniambia tena "basi, si kitu". Sijui kama mwenye kusikia anaelewa maneno yale yanavyouma. Watu wanacheka mezani, unauliza wamesema nini, mtu anakupungia mkono: basi, achana nalo, si kitu. Lilikuwa kitu kwa wote waliokaa pale. Ukiambiwa hivyo mara tatu kwa siku, kwa miaka, unaacha kuuliza. Ukiacha kuuliza, unaacha kukaa mezani. Mjomba wangu mmoja alimaliza miaka yake tisa ya mwisho kwenye kiti barazani, tukisema kazeeka na akili imemtoka. Tume ya wataalamu ya jarida la tiba la Lancet imeuhesabu upungufu wa usikivu miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya mtu kupoteza kumbukumbu uzeeni, na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Mjomba wetu hatukumpima masikio hata siku moja.

Lugha yetu nayo inatubana hapa, na mimi niliyeifundisha nina haki ya kulisema. Kwa Kiswahili kusikia ni zaidi ya kazi ya sikio: tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu, na zaidi ya yote tunasikia wakubwa. Mtoto mzuri ni msikivu. Mtoto mtukutu hasikii. Sikio la kufa, tunasema, halisikii dawa. Kwa hiyo mtu ambaye masikio yake yamepungua nguvu anajikuta ameshahukumiwa tabia kabla hajapimwa. Miaka ya tisini nilikuwa na kijana mmoja dawati la nyuma, hajibu akiulizwa, hacheki wenzake wakicheka. Niliandika kwenye ripoti yake kwamba ni mkaidi. Nilimwadhibu pia. Leo, kila nikimkumbuka, namwona alivyokuwa akinitazama mdomo. Wakati nageuka kuandika ubaoni huku naendelea kusema, nilikuwa namfungia mlango. Popote alipo, namwomba radhi.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiasi fulani, milioni 430 kati yao wanahitaji huduma, na walio wengi wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Kati ya wanaoweza kunufaika na shimesikio, ni asilimia 17 tu wanaolitumia. Tunapozungumzia pengo hilo hapa nchini huwa tunazungumzia vifaa: bei, misaada, makontena, picha ya kiongozi akimvalisha mzee. Mimi nasema vifaa ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili hatujaianza, na bila hiyo, nusu ya kwanza inakwenda kwenye makopo ya biskuti.

Sasa narudi kwenye zile sindano. Kilichoniponya mwaka 1989 hakikuwa dawa peke yake. Kila asubuhi nilikwenda zahanati, nikameza vidonge mbele ya muuguzi, nikachomwa, naye akatia alama kwenye kadi. Nilipokosa siku mbili kwa ajili ya msiba, alimtuma mtu nyumbani kuniulizia. Ule ulikuwa mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977, na ambao daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, aliujenga pamoja na Watanzania. Walionyesha kwamba nchi maskini inaweza kuwaponya wagonjwa wengi ikiwa haitaishia kugawa dawa, ikiwa kuna mtu wa kumwona mgonjwa akimeza, kadi ya kufuatilia na mtu wa kumrudisha anayepotea. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo huo na kuueneza duniani kwa jina la DOTS. Sisi ndio tulioifundisha dunia kwamba kumkabidhi mtu dawa si kumtibu. Leo nchi hiyo hiyo inamkabidhi mzee vifaa viwili na kijitabu cha Kiingereza, inamwambia kwaheri.

Nitajibiwa kwamba wataalamu wa usikivu ni wachache na wako mijini. Ni kweli. Wa kifua kikuu nao walikuwa wachache. Muuguzi wangu wa zahanati hakuwa bingwa wa mapafu, alikuwa na kadi, ratiba na moyo wa kazi. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa nchi za kipato cha chini na cha kati unaoeleza jinsi wasio mabingwa wanavyoweza kufundishwa kupima, kuvalisha vifaa na kufuatilia watu wazima wenye upungufu wa usikivu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufundishwa kubadilisha mrija, kusafisha nta, kuonyesha betri inavyobanduliwa, kuketi na familia na kuwaambia yale mambo manne. Hapa kwetu, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto mwaka 2017, kila aliyehusika alijua kwamba upasuaji ni mwanzo tu, na mtoto lazima afundishwe kusikia. Mzee aliyevalishwa kifaa nyuma ya sikio anahitaji kufundishwa vilevile, kwa kiwango chake.

Kwa hiyo ninayo maombi kwa wanaopanga vitita vya huduma chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na kwa wafadhili wanaotuletea vifaa kwa nia njema. Msihesabu jozi mlizogawa. Hesabuni wanaovaa baada ya miezi sita. Kila jozi iende na ziara nne zilizolipiwa, kadi ya kliniki, karatasi ya maelezo kwa Kiswahili yenye picha, na betri zinazopatikana katika famasi ya hospitali ya wilaya, ili mtu wa Muheza asipande basi kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kama fedha hazitoshi kwa vyote, gaweni jozi chache na mzifuatilie.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kupewa mashine ya masikio na haivai, usimwite mbishi. Muulize iko wapi. Itoe, ipeleke ikapimwe na kusafishwa, uiwekee betri mpya, uketi mbele yake penye mwanga mahali pasipo na redio, umwite jina lake, ungoje ageuke. Nusu saa leo, nusu saa kesho. Na kesho akikuuliza mmecheka nini, mwambie.